Dakika Tatu Kabla ya Ngoma ya Adhuhuri

"Dakika tatu!" Thongbai alipaza sauti, akagonga kifuniko juu ya bakuli. "Si nne, si tano! Anza kumsengenya mama mkwe wako sasa hivi. Kabla hujafika pale alipokukosea, chakula tayari!"

Soko zima la Nong Waeng likacheka. Hakuna aliyenunua.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi Thongbai alipanga meza yake karibu na wauza pilipili: chupa nne za maji moto, bakuli sita, na mnara wa pakiti nyekundu zenye picha ya yungiyungi. Bua Daeng, tambi za pakiti, ladha ya kamba na ndimu, baht mbili tu. Watu walisimama, wakaonja bure, wakapangusa midomo, wakamshukuru kwa adabu zote, kisha wakavuka hatua kumi kwenda kwa Shangazi Kimlang kununua bakuli la tambi la kawaida.

Shangazi Kimlang alikuwa ameuza tambi pembeni mwa soko lile kwa miaka thelathini. Mikono yake ilinuka vitunguu saumu hata siku za sikukuu, na ulimi wake haukuwahi kupumzika.

"We binti," alimwita Thongbai kutoka kwenye mvuke wa sufuria yake, "hizo kamba zenu zilivuliwa wapi? Kwenye kiwanda cha rangi?"

"Njoo uonje, Shangazi."

"Nionje? Nina meno ishirini tu, nayatunzia chakula."

Kicheko tena. Thongbai naye alicheka, kwa sababu mchuuzi anayenuna ameshafunga duka. Lakini aliogopa kushindwa, kwa maana kabla ya kuja hapa alikuwa mahali pengine, na mahali pale alipajua mno.

Aliingia kiwanda cha magunia akiwa na miaka kumi na mitano. Alitoka akiwa na thelathini na miwili, kikohozi kifuani, na sauti inayoweza kupasua kelele za mashine mia. Mapumziko ya chakula kule yalikuwa dakika ishirini. Dakika ishirini! Dakika kumi zilikwisha kwenye foleni ya maji ya kunawa, na zilizobaki mwanamke alisimama ukutani akimeza donge la wali baridi na pilipili ya kupondwa, vumbi la katani likimwangukia kwenye kope. Wenye kiwanda walikula mezani kwa saa nzima, halafu wakashangaa kwa nini wafanyakazi wana nyuso za hasira.

Siku moja gari la Bua Daeng likasimama langoni. Mtu mmoja alimpa Thongbai bakuli la tambi. Lilikuwa la moto. Lilikuwa kali, chachu, lenye harufu ya mchaichai. Wenzake waliuliza bei, yeye akauliza, "Linachukua muda gani?"

"Dakika tatu, dada."

Thongbai alipiga hesabu kichwani, akaenda kwenye gogo kando ya lango, akaketi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba alikula chakula cha mchana ameketi, na kilikuwa cha moto. Alipomaliza, hakurudi kwenye mashine. Alimfuata yule mtu hadi kwenye gari na kumwambia, "Nipeni mji wowote. Nitaziuza hizi."

Kampuni ilimpa Nong Waeng, mji ambao wauzaji wawili walikuwa wamekwisha kuukimbia. Na sasa ulikuwa unamshinda na yeye.

Bwana Wirot, msimamizi wake, alifika kutoka Bangkok akiwa na viatu vinavyong'aa na kitambaa cha kujifutia jasho. Alizihesabu katoni kwenye stoo: arobaini na tatu. Katika wiki tatu zilikuwa zimetoka mbili tu.

"Dada Thongbai, si kosa lako," alisema. "Watu wa huku Isan hawajazoea mambo ya kisasa. Ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo vipi, bosi?"

"Yaani... wako nyuma kidogo."

"Hawako nyuma. Hawatujui. Wewe ungekula kitu ulichopewa na mtu usiyemjua, kimekauka kama kamba ya katani?"

Bwana Wirot akajifuta shingo. "Makao makuu wameshaamua. Siku watawa wanapoanza kujifungia kwa msimu wa mvua, nakuja na pikapu. Zikibaki katoni hizi, nazipakia zote, na njia ya mauzo ya Isan inafungwa. Wanasema... wanasema kiwanda chako cha zamani bado kinaajiri."

Zilibaki siku tisa.

Usiku ule Thongbai hakulala, na kabla ya jogoo kuwika wazo likamjia, akaketi kitandani. Watu wa Nong Waeng walimwamini nani? Si kampuni. Si redio. Walimwamini Baba Mkuu wa hekalu la Kibuddha lililo ng'ambo ya kijito. Alichokula Baba Mkuu, mji mzima ungekula! Na zaidi ya hilo, kuwapa watawa sadaka kungempatia thawabu pia. Nani hataki thawabu?

Kulipopambazuka alipiga magoti kando ya njia kama wanawake wengine, miguu mitupu, na watawa wakapita wakiwa wamepanga mstari, kimya, mabakuli yao ya sadaka vifuani. Wanawake walitia wali wa moto. Thongbai alitia pakiti nyekundu: moja, mbili, hadi tisa. Baba Mkuu Khian, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, alisita kidogo alipoisikia pakiti ikigonga ndani ya bakuli lake. Akaitazama. Akaendelea na safari.

Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika sokoni, nayo haikuwa ile aliyoingoja.

Aliyeileta alikuwa Shangazi Kimlang mwenyewe, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Mmesikia? Hekalu halina jiko! Watawa hawaruhusiwi kupika, wala hawapokei nafaka mbichi, kila mtu anajua tangu tumbo la mama yake. Huyu amewatilia unga mbichi kwenye bakuli! Wameziweka kwenye benchi, mbwa wa hekalu wamezichana zote tisa, wamekula, sasa wanatembea mji mzima wakitafuta maji!"

"Si mbichi!" Thongbai alilia. "Zimekwisha kuiva kiwandani!"

"Zimeiva? Basi kwa nini ni ngumu kama kigae?"

Tangu siku ile hakuna aliyeita Bua Daeng kwa jina lake. Wapita njia walipunga mikono na kuuliza, "Dada, leo tambi za mbwa zipo?" Mwanamume mmoja alisimama mbele ya meza yake akabweka. Thongbai alicheka na hao pia, mpaka jioni, alipofunga mlango wa chumba chake, ndipo alipojifunika shuka na kuuma mto. Kilichomwuma kuliko kubwekewa ni kwamba alikuwa amemkosea mtawa. Hilo haliachwi likakaa.

Siku ya kuanza msimu wa mvua ilifika na mvua kweli, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Desturi ya siku hiyo ni kwamba mwenye kosa huenda kuomba msamaha kabla watawa hawajajifungia miezi mitatu. Thongbai alipanga kwenye sinia mishumaa, udi na maua ya yasmini, akapanda pikapu ya Bwana Wirot pamoja na katoni zote arobaini na tatu zilizofunikwa turubai. Mpango ulikuwa mwepisi: wapite hekaluni, aombe msamaha, kisha barabara kuu, kisha kwaheri.

"Dakika kumi tu," Bwana Wirot alisema. "Viatu vyangu havipendi tope."

Walivuka daraja la mbao saa nne na nusu asubuhi. Nyuma yao maji yalikuwa yanalamba mbao tayari.

Ukumbi wa hekalu ulikuwa na watawa thelathini na wanne, na wanawake wazee kama ishirini waliovaa nyeupe, waliokuja mapema kuweka nadhiri za siku. Shangazi Kimlang alikuwa mstari wa mbele, ameketi kwa adabu, na kwa mara ya kwanza tangu Thongbai amfahamu, yuko kimya. Wazee hao walimaliza kutamka nadhiri zote pamoja: kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kutokula baada ya adhuhuri, na nyinginezo. Thongbai alingoja zamu yake, akasogea kwa magoti, akaliweka sinia.

"Baba Mkuu, naomba msamaha. Nilitia kitu kwenye bakuli lako bila kuuliza."

"Wewe ndiye uliyewalisha mbwa wangu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Baba Mkuu."

"Wamenenepa." Akamwashiria ainuke. "Umesamehewa, binti."

Hapo ndipo mtu mmoja alipoingia mbio, maji yakimchuruzika. "Daraja limezama!"

Wote wakatoka kwenye baraza. Ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo wa juu, mji mzima ulikuwa umesimama chini ya miavuli na majani ya migomba: akina mama na vyombo vyao vya bati vilivyojaa wali, mchuzi, samaki wa kukaanga. Mkwe wa Shangazi Kimlang alionekana akiwa ameshikilia sufuria kubwa kama anashikilia mtoto. Na katikati yao na hekalu, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanaburuta magogo.

Asubuhi ile watawa hawakutoka kuomba chakula kwa sababu ya mvua. Kila mtu alijua karamu italetwa. Maana yake ni kwamba watu thelathini na wanne hawakuwa wamekula tangu jana kabla ya adhuhuri. Ngoma ikilia saa sita, hawatakula hadi kesho.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Watawa waliitazama saa. Walirudi wakaketi. Mmoja wao, kijana mwenye homa, aliegemea nguzo na kufumba macho. Wazee walitoa walichokuwa nacho kwenye vikapu: ndizi tisa na kifurushi cha wali.

Thongbai alimtazama Bwana Wirot. Bwana Wirot alimtazama Thongbai. Wote wawili waligeuza shingo kuitazama pikapu.

"Baba Mkuu," Thongbai alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, sauti ya kiwandani. "Nina chakula."

"Kile cha mbwa?" akauliza mzee. Baadhi ya wazee wakaguna.

"Kile kile."

"Binti, moyo wako ni mzuri. Lakini hapa hatupiki. Kitu kibichi hatuwezi kukipokea."

"Si kibichi! Kimepikwa kwa mvuke, kikakaangwa, kikakaushwa. Maji ni ya kukilainisha tu, kama mtu anavyopasha moto wali wa jana."

"Unasema wewe, unayekiuza."

Thongbai alikimbia kwenye mvua, akararua katoni, akarudi na pakiti mkononi. Aliipiga ngumi mara tatu. Akaichana pembeni, akamimina unga wa viungo ndani, akaitikisa, kisha mbele ya watawa, wazee na Buddha wa shaba aliyeketi nyuma yao, akatia kiganja kizima mdomoni na kutafuna.

Kraaa! Ukumbi mzima ulisikia.

"Mtu hali unga mbichi namna hii," alisema, mashavu yamejaa. "Shangazi Kimlang! Njoo. Miaka thelathini umekaanga tambi. Onja uwaambie."

Shangazi Kimlang alikunja uso. Alijua kila jicho liko juu yake. Alisogea, akachukua vipande viwili kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika panzi, akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, polepole, macho yakielekea darini.

"Haya?" akasema Baba Mkuu.

"Baba Mkuu, ungeniuliza jana, ningesema ni tope."

"Nakuuliza leo."

"Leo nimeweka nadhiri." Alimtupia Thongbai jicho la chuki kabisa. "Imeiva. Imekaangwa kwenye mafuta yenye joto sawasawa, mwenye kukaanga anaijua kazi. Na huu unga..." Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha tatu, na cha nne. "Huu unga una ndimu ya kutosha. Basi, nimesema! Msiniulize tena kitu leo!"

Baba Mkuu alianza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. "Chemsheni maji," akasema.

Saa tano na dakika thelathini na nane!

Sasa ilikuwa vita, na Thongbai ndiye jemadari. Mabirika mawili makubwa ya chai ya jioni yaliwekwa motoni na wazee; chupa nne za maji moto zilitolewa kwenye pikapu. "Bosi, katoni mbili na nusu! Mbio!" Bwana Wirot alikwenda mbio. Alianguka mara moja, kiatu cha kushoto kikabaki kwenye tope, akaja na katoni begani bila kiatu wala kitambaa. Wazee waliovaa nyeupe walipanga mabakuli ya sadaka mstari mmoja kuuzunguka ukumbi. Pakiti mbili kila bakuli. Chana, dondosha, mimina unga. Shangazi Kimlang alipita nyuma akirekebisha: "Si hivyo! Viungo vitangulie chini, tambi juu! Nani aliwafundisha kupika?"

"Hatupiki, Shangazi!" Thongbai akamkumbusha.

"Basi msipike vizuri!"

Saa tano na arobaini na sita birika la kwanza lilichemka. Maji yaliingia, mvuke ukapanda, vifuniko vikashuka. Harufu ya mchaichai na kamba ikajaa ukumbi hadi yule mtawa mwenye homa akafumbua macho.

"Dakika tatu," Thongbai alisema. Hakupaza sauti. Hakukuwa na haja, wote walikuwa wameyainamia mabakuli.

Moja. Mbili. Bwana Wirot alihesabu sekunde kwa saa yake ya mkononi iliyojaa maji.

"Tayari!"

Lakini mwanamke hampi mtawa kitu mkononi. Hukiweka juu ya kitambaa, mtawa akakivuta, na watawa ni thelathini na wanne. Wakati haukutosha. Thongbai alimgeukia msimamizi wake. "Bosi, wewe ni mwanamume. Piga magoti."

Na yule mtu wa makao makuu, tope hadi kiunoni, alipiga magoti akaanza kukabidhi mabakuli kwa mikono miwili, moja baada ya jingine, akiinama kila mara, akisukumwa mgongoni na Shangazi Kimlang, ambaye neno la mjini halimpiti, akisema, "Haraka, mwanangu, haraka, huku kwetu nyuma tunaenda mbio."

Watawa walikula. Mpiga ngoma, mzee asiye na meno, alisimama na fimbo yake juu, macho kwenye saa. Saa sita kasoro nne. Kasoro mbili. Mabakuli yaliinuliwa, mchuzi ukanywewa. Wazee nao walikula yaliyobaki, wakipuliza na kuunguza ndimi. Kichwa cha Baba Mkuu kiling'aa kwa jasho. Akateremsha bakuli lake, tupu, akavuta pumzi kwa meno.

"Kali," akasema. "Piga."

Ngoma ikalia.

Ng'ambo ya kijito watu waliisikia wakaanza kuomboleza, wakidhani watawa wao watalala njaa. Ndipo Shangazi Kimlang alipokimbilia ukingoni na kupaza sauti juu ya maji: "Wamekula! Wameshiba! Wamekula za yungiyungi!" Halafu akamgeukia Thongbai. "Usinitazame hivyo. Ilikuwa kweli. Kesho nadhiri imekwisha, nakutukana kama kawaida."

Maji yalipungua alasiri. Pikapu ilivuka daraja, lakini haikushika barabara kuu. Ilisimamishwa sokoni na umati, na Thongbai akapanda juu ya katoni, chini ya turubai, akauza hadi vidole vikauma. Watu waliponda pakiti kwa ngumi wakazila kavu palepale, kama walivyosikia alivyofanya mbele ya Baba Mkuu. Siku ya pili hapakubaki hata moja. Ndani ya mwezi mmoja maduka yote ya Nong Waeng yalikuwa yanatia Bua Daeng kwenye ndoo za sadaka zinazopelekwa hekaluni, kando ya sabuni na mishumaa, na Shangazi Kimlang alikuwa anaziuza na yai juu kwa bei mara mbili, akidai ni siri ya ukoo wake.

Njia ya Isan haikufungwa. Ilizaa nyingine saba. Makao makuu walituma barua: walitaka picha ya Baba Mkuu kwenye tangazo. Bwana Wirot aliisoma kwa sauti, akamtazama Thongbai.

"Waandikie hapana," Thongbai alisema. "Yeye alikula kwa sababu alikuwa na njaa. Hakukodishwa."

"Watanifukuza."

"Na nani atauza? Wao?"

Bwana Wirot aliandika hapana. Hakufukuzwa.

Ombi la Thongbai mwenyewe lilikuwa moja, naye alilipata: kituo kipya cha kuuza, mahali alipopachagua. Siku ya kwanza alifika mapema, akapanga meza nje ya lango la kiwanda cha magunia, mabirika kumi juu ya makaa, na mabenchi. Mabenchi aliyapigia kelele ofisini kwa wiki mbili mpaka yakanunuliwa. King'ora kilipolia wanawake walimiminika nje, vumbi kwenye kope, wali baridi mikononi, wakielekea ukutani kama alivyokuwa akielekea yeye.

"Dakika tatu!" alipaza sauti, na mashine mia hazikuweza kumzidi. "Tatu tu, dada zangu! Zinazobaki kumi na saba ni zenu. Kaeni! Kaeni chini!"

Wakaketi.